Taa Alizoziacha Nyongesa

Opicho ni fundi wa umeme wa magari pale Huruma, na karakana yake ni kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya ghorofa na ukuta wa kanisa. Kwa muda wa miaka miwili ilikuwepo kazi moja ambayo hakukubali kuigusa, nayo ni kufunga taa za ukungu. Mteja akimletea gari lililotoka kiwandani bila taa hizo, yale matundu mawili ya bampa yakiwa yamezibwa na vifuniko vya plastiki, Opicho alimwelekeza kwa fundi mwingine huko Kayole. Watu wakadhani hajui kuzifunga. Alijua sana. Ila kwake vile vifuniko vilifanana na macho ya maiti yaliyofumbwa na mtu.

Taa zenyewe alikuwa nazo, ndani ya boksi, kwenye rafu nyuma ya betri kuukuu. Ziliachwa na Nyongesa, rafiki aliyetoka naye Kimilili tangu ujana na kuimba naye besi kwenye kwaya. Nyongesa alikuwa akinunua mitumba Gikomba na kila Jumanne kuipeleka soko la Njabini. Siku moja alikuja na boksi mkononi, akaeleza kwamba ukungu wa Kinale, njiani kwenda Njabini, unashuka hadi mtu hujihisi kama amefunikwa shuka usoni. Opicho alikuwa na magari matatu yanayomngoja. Akamwambia, kwa kucheka, kwamba hayo ni mapambo ya vijana. Apunguze mwendo tu, na arudi Jumamosi.

Jumamosi Nyongesa alishikwa na shughuli, hakufika. Jumanne alfajiri, pale Kinale, gari lake liliingia chini ya lori lililoharibika katikati ya barabara bila alama yoyote.

Opicho alisafiri na mwili hadi Kimilili. Alishika jembe wakati wa kuchimba kaburi. Alisimama mbele ya waombolezaji akamsifu marehemu mpaka watu wakatokwa na machozi, lakini neno la taa halikumtoka. Hata mkewe Benta hakumwambia. Na tangu hapo, asubuhi za baridi za Julai, alipoinama chini ya boneti, alimsikia mtu akikohoa kidogo nyuma yake, jinsi Nyongesa alivyozoea kukohoa kabla ya kusalimu. Aligeuka akakuta ukuta wa kanisa. Mara moja alilibeba lile boksi hadi darajani akalitupe mtoni. Alisimama pale kitambo, watu wakimpita, kisha akarudi nalo.

Alhamisi moja, jua likiwa limeshapanda, Triza mjane wa Nyongesa alifika mbele ya kibanda akiendesha gari dogo la mizigo ambalo kaka zake walikuwa wamemsaidia kulipata. Alimwita shemeji, akamuuliza hali ya Benta na watoto, kisha akasema kwamba anaanza tena safari za Njabini na gari halina taa za ukungu. Opicho akaanza maneno yake ya siku zote kuhusu fundi wa Kayole. Triza alimwacha amalize.

"Zile alizokuachia bado unazo?"

Opicho alitafuta mahali pa kukaa, akakalia tairi.

"Mama Clare," alimwita Triza kwa jina la bintiye, "mimi ndiye niliyemrudisha."

"Najua. Alinieleza siku ileile, na alikuwa anacheka."

"Miaka miwili yote ulijua?"

"Uliposimama pale kaburini nilidhani utasema. Nikangoja. Nikangoja tena matanga yalipoisha." Alimpa funguo. "Sikuja ili unililie, shemeji. Nifungie taa."

Alizifunga siku hiyohiyo. Aliteremsha bampa, akatoa vifuniko, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na rilei, swichi akaitia karibu na usukani. Waya wa athi, ule unaoshikizwa kwenye chuma cha gari, aliufungua na kuukaza upya mara tatu. Zilipowaka zikipiga ukutani, Triza alisema kuwa ukuta wa Huruma si Kinale, na kwamba Jumanne wataenda pamoja azione zikifanya kazi.

Jumanne hiyo, huko Kinale palikuwa pameanza kupambazuka, lakini ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzito, mweupe. Triza alibonyeza swichi. Mwanga wa manjano ukatambaa chini ya ukungu, ukaonyesha mstari mweupe na ukingo wa lami, hatua thelathini hivi, basi. Mara nyingi usiku Opicho alikuwa ameota taa hizo zikiipasua barabara yote kama pazia. Sasa alizitazama, akahesabu nguzo zikichomoza moja moja, akijaribu kupima lori lingeonekana wapi. Triza alipunguza mwendo bila kuambiwa, na Opicho akajua wamefika mahali penyewe.

"Angeliona lile lori?" aliuliza.

"Sijui," Triza alijibu, macho yake mbele. "Na wewe hutajua."

Hawakusimama.

Sokoni Opicho alimsaidia kushusha marobota. Mteja mmoja wa zamani aliulizia habari za mzee wake, na Triza akamjibu kwa maneno mawili, akaendelea kukunjua sweta. Jioni hiyo Opicho alimsimulia Benta kila kitu, huku Benta akichambua mrenda. Mikono ya Benta ikasimama. Kisha akaishika tena ile mboga.

Siku hizi Opicho hamwambii mteja yeyote arudi kesho kwa kazi ya taa. Ila Jumanne asubuhi hukaa tu mlangoni, simu mkononi, wala haanzi kazi hadi Triza apige kusema amefika Njabini.