Kikapu cha Japani Katika Chumba cha Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu alinipa glavu za pamba, akanipeleka chumba cha nyuma cha jumba letu la makumbusho. "Mama Atieno, hawa ndio wageni wako," akasema.

Vilikuwa vyombo vya Wajapani: masanduku ya laki, yaani utomvu wa mti unaopakwa tabaka juu ya tabaka mpaka ubao ung'ae, vyungu, michoro ya karatasi, na kikapu kimoja cha mianzi. Vilikuja kwa mapatano ya kubadilishana utamaduni. Sisi tulipeleka kwao viti na vikapu vya mafunjo vya huku ziwani.

Kila asubuhi nilisoma kipima unyevu. Hewa ikikauka, laki hupasuka. Ikilowa mno, karatasi huota ukungu. Chumba hakikuwa na dirisha, maana mwanga hula rangi. Watoto wa shule walikimbilia nyoka na kobe waliofugwa huko nje. Wiki nzima iliweza kupita nisisikie sauti ila ya feni. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nikitoka hapo nilirudi nyumbani Migosi, kwenye ukimya mwingine.

Mhifadhi Mkuu akahamishwa, akaja Mkurugenzi, mtu wa kushika sheria. Wakati wake alifika mama mmoja mzee kutoka Bondo, Mama Perez.

"Kikapu changu kilipelekwa Japani," akaniambia. "Nimekuja kuona walichotuletea."

Nikamwonyesha kile kikapu cha mianzi. Akaweka kiganja kwenye kioo cha kabati.

"Naweza kukishika?"

"Hairuhusiwi, Mama."

"Hata changu huko hakishikwi?"

Nikamwita Mkurugenzi. Alimtazama yule mama, akatoa ufunguo. "Osha mikono kwanza, Mama," akasema.

Mama Perez alikipapasa polepole, amefumba macho. Mahali fulani vidole vikasita.

"Hapa aliyekisuka aliruka mstari. Aliitwa na mtu, akageuka." Akatabasamu. "Ana bahati. Changu nilikisuka chote bila kuitwa."

Nilimsindikiza hadi langoni, nikashindwa kuagana naye. Tukaketi kwenye benchi, tukizungumza mpaka jumba likafungwa. Hakurudi tena.

Ninyi mnaoianza kazi hii mtafundishwa mambo ya unyevu na mwanga. Kukaa na vitu visivyotazamwa na mtu, hilo mtajifunza wenyewe.

Majuzi, miaka kadhaa baada ya kustaafu, nilikwenda tena pale jumbani. Askari mpya wa langoni akaniuliza kwa heshima, "Mama, unamtafuta nani?"

Nikafikiri. Wote niliowajua walikuwa wamehamishwa au wamezikwa.

"Simtafuti mtu," nikasema. "Nimekuja kuangalia tu."