Konokono Aliyekataa Kumuuma Shangazi

Mtafiti alifika kisiwani kwetu Juani na ndoo nne, mabegi mawili na barua ya kibali yenye mihuri mitatu. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma yote, akaikunja, akatutangazia kwamba mgeni ametoka chuo kikuu Dar es Salaam na anatafuta konokono. Watu walisubiri aendelee. Hakuendelea.

Akakabidhiwa kwangu. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kitupu, na kabla sijaanza kulima mwani nilikuwa nachokoa pweza, kwa hiyo miamba ya upande wa bahari kuu naijua vizuri. Tuliishi wanawake wawili tu, mimi na shangazi yangu, dada yake baba, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye hajapata kupokea mgeni bila kumhoji.

"Shikamoo," mtafiti alisema mlangoni. Alikuwa binti mwembamba wa miaka thelathini hivi, amevaa miwani iliyokaukiwa na chumvi ya safari.

"Marahaba, mwanangu. Konokono wa nini?"

Alijibu ndoo ikiwa bado mkononi. Alimtaka konokono mmoja wa baharini mwenye gamba zuri la madoadoa. Tulimjua. Kwetu hatukumpa jina la maana, tulisema tu "yule wa kuchoma", na mtoto alikatazwa kumwokota kabla hajaanza chuo cha Kurani. Ana mwiba mdogo kama sindano. Humchoma nao samaki, samaki akakakamaa, kisha akammeza mzimamzima. Mtu naye anaweza kufa.

"Nawe unamtaka kwa hiari yako," shangazi alisema.

"Nataka sumu yake."

Usiku tulipokuwa tunakula muhogo na samaki wa nazi, alitueleza. Sumu ya konokono huyo si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi mno, na kila kimoja kinajua mahali pake pa kwenda mwilini. Kimoja kinakwenda kwenye mishipa ya fahamu, kingine kwenye misuli. Wao wanatafuta kama kimojawapo kinaweza kuziendea seli za saratani na kuziacha zile nzima.

"Kwa hiyo inatibu saratani," shangazi alisema.

"Hapana, shangazi. Tunatafuta tu, tena ndani ya vichupa. Inaweza kupita miaka ishirini tusipate kitu."

"Lakini inaweza."

"Inaweza," mtafiti alisema, kwa kuwa ni mtu mkweli.

Tangu hapo shangazi akawa na maswali kila jioni. Je, saratani ya titi nayo imo? Uvimbe ukiwa hauumi ndiyo heri au ndiyo shari? Alisema anauliza kwa niaba ya mwanamke mmoja wa Baleni. Mtafiti akamjibu kwamba huyo mwanamke aende hospitali ya Kilindoni upesi, kwani ni kisiwa kimoja.

"Kwake ni mbali."

"Kutoka Baleni?"

"Kwake yeye ni mbali," shangazi alisema, akaondoa sahani yake.

Mimi niliendelea kula. Sijivunii jambo hilo.

Maji yakipwa tulikwenda miambani, mimi mbele na fimbo yangu, yeye nyuma na glavu nene na kibano kirefu. Katika wiki moja tulipata konokono tisa. Aliwaweka kwenye ndoo za maji ya bahari, penye kipampu cha betri cha kupuliza hewa. Kukamua sumu kulikuwa hivi: anachukua kichupa kilichofunikwa kipande cha mpira, juu yake anapaka utelezi wa samaki, anakisogeza mbele ya konokono. Konokono anadhani ni samaki, anachoma. Tone moja la maji meupe linabaki ndani. Shangazi aliangalia jambo hilo kila siku bila kupepesa macho, akiwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

Siku moja mtafiti alivuka kwenda Kilindoni kutafuta barafu ya kuhifadhia vichupa vyake. Mimi nilikuwa ufukweni nafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Niliporudi baada ya alasiri, shangazi alikuwa amekaa uani, kanga ameifungua upande mmoja, na juu ya titi lake la kushoto yupo konokono.

"Usipige kelele," aliniambia. "Utamshtua."

Niliweka kamba chini, nikasogea.

"Nimempaka utelezi wa samaki," alisema. "Nimemsubiri tangu adhuhuri. Hataki."

Konokono alikuwa amejikunyata ndani ya gamba lake. Nilichukua mwiko, nikamwondoa taratibu, nikamrudisha ndooni. Hapo ndipo nilipoliona titi. Ngozi ilikuwa imevutwa ndani, imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na chini yake uvimbe mkubwa kama kokwa la embe.

"Tangu lini, shangazi?"

"Mfungo Sita."

Tulikuwa Rajabu. Miezi minne nimelala naye chumba kimoja.

Mtafiti aliporudi nilimweleza yote. Alihesabu konokono kwanza, wote tisa walikuwapo, kisha akakaa chini mchangani na kulia. Shangazi akamletea maji ya kunywa.

"Ungekufa kabla ya magharibi," mtafiti alisema. "Dawa ya kuiondoa sumu yake haipo. Haipo kabisa!"

"Nilijua. Nilidhani labda ingeanza na uvimbe."

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Dada yetu mkubwa alikwenda. Walimkata, akafa."

"Alikwenda uvimbe ukiwa mdogo au mkubwa?"

Shangazi alifikiri. "Alikwenda ukiwa umepasuka," alisema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuyasema kwa mpangilio huo: uvimbe kupasuka kwanza, kisu baadaye.

Kesho yake tulivuka sote watatu hadi Utende, tukapanda bodaboda hadi Kilindoni. Daktari aliuliza kama mgonjwa ametumia dawa yoyote ya nyumbani.

"Konokono," nilisema.

"Wa kula?"

"Wa kuuma."

"Alimuuma?"

"Alikataa."

Daktari aliandika. Kisha akampima kwa muda mrefu, akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam, akasema tusingoje baada ya Ramadhani.

Hatukungoja. Shangazi alikatwa kinyama cha kupimwa, kisha akaondolewa titi lote, kisha ikaja dripu ya kila baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza ya dripu alimuuliza muuguzi ni dawa gani hiyo. Muuguzi, mama mtu mzima, alisema ukweli ni kwamba dawa hizi ni sumu, ila zimepimwa.

"Sumu ya mnyama gani?"

"Hii ya leo asili yake ni mti, mama. Gome la mti wa nchi za baridi."

"Mti," shangazi alisema. Alinitazama kama mtu aliyeagiza nguru akaletewa dagaa.

Mti huo haukuwa na mchezo. Nywele zilitoka zote. Alitapika mpaka maji. Vidole vya miguu vilikufa ganzi, akawa anatembea kama anakanyaga pamba. Siku moja nilipokuwa namfunga kilemba alinishika mkono, akasema, "Naogopa, mwanangu." Nikamwambia nami naogopa. Tukakaa hivyo mpaka walipokuja kubadilisha shuka.

Huu ni mwaka wa tatu. Vipimo vya mwisho vilikuwa safi, Alhamdulillahi, na ameshaambiwa lini arudi tena. Mtafiti hupiga simu kila Idi. Kile alichokitoa kwenye konokono wetu kiliua seli za saratani ndani ya kichupa, lakini kiliua na zile nzima, kwa hiyo wamekiweka kando na kuanza kingine. Alimweleza shangazi hayo kwa sauti ya chini. Shangazi akamwambia pole, mwanangu, kazi ni kuendelea.

Tatizo ni kwamba habari ilivuka kisiwa na kugeuka njiani. Sasa inasemwa kwamba kuna bibi wa Juani aliyeponywa saratani na konokono. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, ameletwa na mashua ya asubuhi, akaomba aonyeshwe mwamba wenyewe. Hata chai hakutaka. Shangazi alimwingiza ndani, akafungua kanga, akamwonyesha kovu kutoka kwapani hadi kifuani.

"Hapa palipita kisu," alimwambia. "Konokono hakufanya lolote. Uvimbe wako uko wapi?"

Yule mama alionyesha, chini ya kwapa, mdogo kama punje ya njugu mawe.

Shangazi akavaa baibui, akaniambia niiwahi mashua kabla haijaondoka, tunakwenda hospitali. Mama akaanza kusema kwamba leo hakujiandaa, kwamba nyumbani hajaacha chakula, labda Jumatatu.

"Nyumbani kwako kuna watu?" shangazi aliuliza.

"Wapo."

"Wana mikono?"

"Wanayo."

"Basi watapika. Twende."