Mama Alibaki Kazinga

Sisi tuliobeba kuni na kidumu cha maji kwenda shule, tukala kiporo cha ugali wa muhogo huku tunakimbilia kengele, tutaelewana bila maelezo mengi. Wadogo zetu wa siku hizi nao wasome tu, wakichoka warudi kwenye simu zao.

Nilizaliwa Kazinga, kisiwa kidogo katikati ya mto Malagarasi, upande wa Kibondo. Ukisema kisiwa, watu wanafikiria bahari na minazi. Chetu kilikuwa na migomba, muhogo, maharage na mizinga ya nyuki ya baba juu ya miti, na ukianza kukimbia upande mmoja unafika wa pili jasho halijakutoka. Nyumba ilikuwa moja tu, ya kwetu. Palikuwa kimya kiasi kwamba mtu akikohoa ng'ambo, mama alisema, "Huyo kifua chake bado hakijapona," akaendelea kuchochea moto.

Tulicheza kombolela migombani na mdako kwa kokoto za mtoni. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya migomba, na ukilowa maji uliweza kukuvunja kidole. Jioni mama alisonga ugali, mboga kisamvu chenye mawese mpaka vidole vinabaki vyekundu, na ole wako unyooshe mkono kabla ya baba. Akitokea mtu yeyote, hata mvuvi aliyepotea njia, aliwekwa chini akala. Mama alitukataza maswali. "Usimuulize mgeni anakotoka kabla hajanawa mikono," alisema, na sisi tulikaa tukimtazama mgeni anavyotafuna nyama yetu.

Kwetu Buha mtu asiye na shamba alikwenda kwa mwenye ardhi na mtungi wa pombe ya ndizi. Walikunywa, akaonyeshwa mahali, akalima. Kila mavuno alipeleka kapu la kwanza kwa mwenyeji wake, maana yake, "Bado najua hapa ni kwako." Hapakuwa na karatasi. Mzee Yosefu, aliyekimbia vita Burundi na familia yake, alilima kona ya Kazinga miaka mingi kwa namna hiyo. Alivuka na kapu la maharage kichwani hata mwaka ambao maharage yetu yalikuwa yanatobolewa na wadudu ghalani kwa wingi wake. Alipopata eneo lake Heru Juu alikuja kuaga, akapiga makofi taratibu kwa heshima, akasema, "Shamba lako nimelirudisha, ndugu yangu." Baba alimsindikiza hadi barabarani.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita, kwa homa ya siku tatu. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Baba akapima kwa hatua nafasi ya pembeni yake, akaizungushia mawe. "Hapa ni pangu," alisema, akaenda kunawa. Mwaka uliofuata tulihamia ng'ambo tuwe karibu na shule, lakini kila Jumamosi alivuka kwa mtumbwi wake kupalilia kaburi, na wakati wa likizo tulivuka naye. Nilidhani itakuwa hivyo siku zote.

Nilikuwa nimeshaolewa Kasulu, nashona nguo sokoni, walipokuja wageni wa kwanza. Walikuwa wazungu wawili waliopenda kutazama ndege wa mtoni. Baba aliwavusha, akawapikia, akawalaza kwenye nyumba yetu ya zamani. Walipotaka kumlipa alinuna siku nzima. Waliondoka na picha, na picha zikawaita wengine. Wakaja wa Mwanza, wakaja wa Dar es Salaam, barabara ikachongwa mpaka mtoni. Kisha akaja bwana mmoja wa mjini, mpole, hodari wa kusalimia, na magunia mawili ya mchele na makreti ya soda. Aliomba mahali pa kuweka mahema.

Hapo ndipo baba yangu alipokosea, na kosa lake mtu wa Buha atalielewa upesi. Aliona mchele na soda, akaona mtungi wa pombe. Mwaka wa pili, wakati wa mavuno, bwana yule alileta tena mchele, na baba akafurahi sana. "Huyu amelelewa," aliniambia. Dole gumba alilotia kwenye karatasi ya bwana yule hakuliona kuwa na uzito wowote. Mwaka wa tatu mchele haukuja. Baba akasema basi, amemaliza, atakuja kuaga. Akangoja. Nilipoisoma ile karatasi ilikuwa imeandikwa miaka ambayo hata wajukuu wangu hawataimaliza, na kaburi halikutajwa popote. Nilihangaika nayo ofisi hadi ofisi, kote nikajibiwa kwamba dole ni la baba yako.

Siku hizi panaitwa Kisiwa cha Utulivu, na utulivu wenyewe una jenereta na spika nne. Vijana wanafika kwa boti za injini kula bata. Wanapiga picha na jembe, wamelishika kama gitaa, na wanalipa kuonyeshwa muhogo unavyong'olewa, kazi ambayo sisi tulichapwa kwa kuikimbia. Siwachukii. Ningekuwa na umri wao na mimi ningevaa miwani ile mikubwa. Kinachoniuma ni kwamba mtumbwi wa baba ulikatazwa kufika kule, eti unaharibu mandhari.

Mwaka juzi nilimkatia baba tiketi, tukavuka pamoja na wageni wengine, yeye amevaa koti lake la kanisani. Kijana aliyetutembeza alikuwa wa Kakonko, mwenye adabu zake, na alimshika baba mkono kwenye ngazi. Alitufikisha nyuma ya ilipokuwa nyumba yetu, akasimama mbele ya kaburi la mama.

"Hapa amelala malkia wa kale wa kisiwa hiki," alisema. "Inasemekana alilia mpaka mto ukajaa."

Wageni wakatoa simu. Pale pembeni, mahali baba alipopapima kwa hatua zake, palikuwa na benchi la kukalia ukipigwa picha.

"Aliitwa nani huyo malkia?" baba aliuliza.

"Jina lake halijulikani, mzee wangu. Ni zamani sana."

"Aliitwa Anastazia," baba akasema. "Na hakuwa mtu wa kulia."

Watu walicheka wakidhani mzee anatania, na kijana naye akacheka kwa adabu. Nilitaka kusema neno, baba akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nililia mimi kwenye boti, yeye hakulia. Tulikanyaga ng'ambo, akakung'uta koti lake.

"Nikifa mnizike huku, mwana wanje," aliniambia. "Msigombane na mtu. Ila mmoja wenu akate tiketi, aende akamwambie mama yenu."

Alifariki mwaka huu, watu wakiwa mashambani wanapanda maharage. Tumemlaza kwenye makaburi ya kanisa, juu kidogo ya mto. Wazazi wa wazazi wetu, mume na mke, walilala pamoja chini ya migomba yao, na mtoto akipalilia alipalilia wote wawili kwa jembe moja. Mimi wa kwangu nimegawanyiwa na mto, na mmoja nikitaka kumwona lazima nifike kabla ya saa kumi na moja, wanapofunga.

Matanga yalipoisha nilikata tiketi nikavuka. Yule kijana wa Kakonko alikuwa anawaeleza wageni habari za malkia. Nilingoja wamalize picha zao, wakasogea, nikainama, nikamwambia mama kwamba baba amefariki, yuko ng'ambo, asimngoje. Muziki ulikuwa juu sana, ikabidi nimwambie mara ya pili.