Mama Mkia, mwanamke anayetembea nyuma ya wote

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Mama Mkia amesimama kwenye geti la msitu, panga mkononi, kopo la rangi nyeupe likining'inia kwenye kiwiko, na anakagua miguu ya watu.

"Wewe, hizo ndala unampelekea nani huko juu?" anamuuliza kijana mrefu wa mwaka wa kwanza. "Kilima hiki kitakuvua chenyewe kabla hujafika kwenye daraja. Rudi kavae viatu."

Kijana anacheka akidhani ni utani. Mama Mkia hacheki. Kijana anageuka na kutoka mbio kuelekea mabweni, wenzake wakimpigia makofi.

Njia inayoanzia hapa hupanda katikati ya misonobari, huvuka kijito kwenye daraja la magogo, na kuishia kwenye jabali ambalo ukikaa juu yake unauona mji wote, chuo kikiwemo, mdogo kama kitu cha kuchezea. Wanafunzi huja kupumzisha vichwa. Mama Mkia ndiye mwangalizi wa njia hiyo. Hufyeka majani, huchimba mifereji ili mvua isiibebe njia, na hupaka alama nyeupe kwenye miti ili mtu asipotee. Ofisi ya misitu humlipa kila mwezi, malipo ambayo, kwa maneno yake, "yanafika yamechoka kuliko mimi."

Lakini leo si Jumamosi ya kawaida. Geti lina kufuli. Ofisi iliifunga njia hii mwezi uliopita baada ya wanafunzi wawili kupotea msituni, na sasa ofisa misitu amekuja mwenyewe kuamua kama kufuli libaki au liondoke. Likibaki, wanafunzi hawana kilima, na Mama Mkia hana kazi.

"Nimelala kama mtoto mchanga," anasema anapoulizwa kama ana wasiwasi. Anatazama pembeni kidogo, kisha anaongeza: "Mtoto mwenye homa."

Jina la Mama Mkia alipewa na wanafunzi wenyewe. Waongozaji wengi hutangulia wakiwaita watu wawafuate. Yeye hutembea nyuma ya wote, tangu getini hadi jabalini, na kurudi vilevile.

"Huko chuoni kila mtu anaogopa kushika mkia," anaeleza. "Hapa mkia una mwenyewe. Yule mzito, yule mwenye pumzi fupi, anajua nyuma yake yupo mtu na huyo mtu hana haraka. Basi anatembea na moyo wake umetulia."

Ana sharti moja zaidi. Ukishavuka geti, mtihani hautajwi. Atakayeutaja atabeba kopo la rangi mpaka juu, na kopo likijaa si mchezo. Wapo waliolibeba wiki tatu mfululizo. Mmoja wao, anakumbuka huku akicheka, alifika kileleni, akaangalia mji, akasema "sasa nimeelewa swali la nne," akalibeba tena kushuka.

Kabla ya msitu, Mama Mkia alikuwa akideki mabweni. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, na anasema hakuna anayewajua wanafunzi kama anayewafagilia.

"Msimu wa mitihani nawakuta wamekaa kwenye ngazi, kitabu kimefunguliwa ukurasa uleule tangu asubuhi. Nikimaliza korido nzima narudi, ukurasa ni uleule. Siku moja nikamkuta binti analia pale penye mabeseni ya kufulia, bomba liko wazi ili watu wasimsikie. Nikafunga bomba. Nikamwambia, mwanangu, maji yanapotea, vaa viatu tutoke."

Kilima kilikuwa kinaonekana kutoka dirishani. Walikwenda wawili. Jumamosi iliyofuata yule binti alikuja na wenzake, na mambo yakaanza hivyo, bila kikao wala kibali. Ofisi ya misitu ilipoona watu wanapita tu, iliona heri njia iwe na mtu wa kuitunza. Mama Mkia akaweka ufagio chini, akashika panga.

Sasa, kupotea kwenyewe kulikuwaje?

Hapo Mama Mkia anavuta pumzi. Si mtu wa kukwepa maneno, na hili nalo halikwepi.

Baada ya mvua za mwisho rangi ilikuwa imefifia, akaamua kupaka alama zote upya. Alianzia getini akipanda, mti kwa mti, akipaka upande uliokuwa ukimtazama. Alipofika juu kopo lilikuwa tupu na kazi imependeza. Akashuka zake akiimba.

"Sikugeuza shingo hata mara moja," anasema. "Ningeangalia nini? Njia hii naijua kama jikoni kwangu. Kumbe kila alama niliyoipaka inamwona anayepanda. Anayeshuka anaona magome matupu!"

Kwa majuma kadhaa hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kushuka bila yeye kuwa nyuma, akipaza sauti: kulia, wanangu, kulia. Kisha wanafunzi wawili wa kike wakaja peke yao siku ya katikati ya wiki. Walipanda vizuri, mpaka wakasifu alama. Wakati wa kushuka wakafika njia panda iliyo juu ya kijito, wakakosa alama, wakashika kushoto. Kushoto kunaingia katikati ya msitu. Walipatikana jua linazama, wamechubuka miguu, sauti zimewakauka kwa kuita.

"Nilipowaona nilikaa chini," anasema Mama Mkia. "Niliona aibu. Mtu anakukabidhi watoto wake, wewe unapaka rangi upande mmoja!"

Hakungoja kufukuzwa. Siku iliyofuata alipanda na kopo jipya hadi kwenye jabali, akaanza kupaka akishuka. Lakini jicho lake hakuliamini tena. Alihitaji mtu asiyeijua njia kabisa, na mtu huyo alikuwepo nyumbani: wifi yake, fundi cherehani, ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko stuli.

"Wifi yangu hata sokoni anapotea," anasema. "Nikajua huyu ndiye."

Wifi alikubali shingo upande. Kupanda walipanda pamoja, akilalamika njia nzima. Kisha Mama Mkia akamwacha kileleni, akamwambia ashuke peke yake afuate alama, naye akajificha nyuma ya miti kwa mbali.

"Nilimwapiza!" wifi anasimulia akiwa kwenye cherehani yake, miguu haijaacha kukanyaga. "Nilimtukana kwenye kila mti. Nilipofika pale panapogawanyika njia, alama ilikuwepo lakini majani yameifunika. Nikashika kushoto kwa uhodari wangu wote. Nikasikia mtu anapiga kelele kichakani, 'Simama hapo hapo, nakupenda!' Hajawahi kuniambia hivyo tangu aolewe na kaka yangu."

Majani yale yalifyekwa siku hiyohiyo. Alama ya njia panda ikahamishiwa kwenye jiwe kubwa lisilofunikwa na kitu.

Ofisa misitu si mtu wa maneno mengi. Asubuhi hii anafungua kufuli, analitia mfukoni na kutoa masharti yake. Kundi litapanda pamoja na Mama Mkia kama kawaida. Kushuka, litashuka bila yeye. Atabaki juu na ofisa mpaka wote wawe wamepotea machoni, ndipo wawili hao watafuata. Akikosekana mtu hata mmoja kule chini, kufuli linarudi.

"Bila mtu wa nyuma?" anauliza Mama Mkia.

"Mama, alama ndizo zinazopimwa. Wewe tunakujua."

Msichana mmoja ananyoosha mkono kama yuko darasani. Yuko mwaka wa tatu, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, na ni mmoja wa wale wawili waliopotea. Mwenzake alikataa kurudi. Yeye amekuja.

"Nyuma nitakaa mimi," anasema.

Mama Mkia anamtazama. Kisha anainama na kumkazia kamba ya kiatu iliyolegea.

Kupanda kunakwenda salama. Kijana wa ndala, sasa ana viatu, anajisahau na kutaja mtihani mapema, kwa hiyo kopo lina mbebaji. Juu ya jabali watu wanapumzika. Mmoja analala chali, mwingine anatafuta dirisha la chumba chake huko chini na hatimaye analipata.

Kisha wanaondoka. Kitambaa cha kijani ndicho cha mwisho kuzama kwenye miti. Mama Mkia amesimama ameshika kiuno, roho iko juujuu, na kila sauti ya msituni inamfanya ageuze kichwa. Ofisa anatazama saa. Anamwambia, "Twende."

Wanashuka. Alama ziko mahali pake, nyeupe, zikiwatazama. Ofisa anagusa moja kwa kidole, anaendelea. Lakini wanapokaribia njia panda, kitambaa cha kijani kinaonekana. Msichana amekaa juu ya lile jiwe kubwa, peke yake. Wenzake hawaonekani.

Ofisa anasimama, mkono tayari mfukoni penye kufuli.

"Umepotea?" anauliza.

"Hapana," anajibu msichana. Ananyoosha kidole upande wa kulia. "Njia ni hii. Wenzangu wapo darajani, wananisubiri, si unawasikia wanavyopiga kelele?"

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

"Nimeshika mkia," anasema. "Nyuma yangu walikuwa wamebaki watu wawili. Nitaondokaje?"

Ofisa anamtazama msichana, anamtazama Mama Mkia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anacheka. Mama Mkia yeye analia, waziwazi, na hajisumbui kuficha. Anapita mbele ya msichana ili amwachie mkia, na wanashuka hadi getini, ambako kufuli halitoki tena mfukoni.

Sasa anapanga mambo. Anataka kuchonga njia ya pili, ya chini, inayozunguka kilima bila kupanda, kwa ajili ya wale ambao miguu yao haiwezi mlima. Ofisi imekubali kumpa vibarua mvua zikiisha. Alama, anasema, zitapakwa pande zote mbili, na wifi ameshaambiwa aandae viatu. Siku za Jumapili, mkia utashikwa na mwenye kitambaa cha kijani.

"Na mimi Jumapili nitakuja," anasema Mama Mkia, akisafisha brashi kwa kipande cha gunia. "Nitatangulia. Miaka yote hii nimepanda nikiangalia migongo ya watu. Nataka na mimi niione njia yangu."