Ng'ombe wa Asukile Walipoitwa Wote

Lea alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata dawa za misheni hazikuuweza: kuuliza. Alizaliwa Kihesa, Iringa, binti wa mwashi Mlutheri aliyefunga kila kitu kwa kufuli, hata banda la kuku. Alipoolewa na Asukile na kuhamia milimani kusini ya Mbeya, alikuja na maswali yake yote pamoja na vyungu vya harusi. Mbona nyumba za huku ni za mianzi? Mbona mvua haijui kuaga? Wanyakyusa walimzoea upesi. Wakimwona anashuka kisimani, walianza kumjibu kabla hajafungua kinywa.

Swali moja tu halikupata jibu la kumtosha. Asukile alikuwa amekwenda mara mbili kuchimba dhahabu kule Joni, yaani Johannesburg, kusini kabisa, na kila aliporudi alinunua ng'ombe. Lakini zizini kwake hapakuonekana hata mkia. Wengine walikaa kwa Filemoni, rafiki yake tangu utotoni, ng'ambo ya mto. Wengine kwa Anyitike. Na waliosalia kwa watu aliobatizwa nao. Waliowatunza walikunywa maziwa, wakapata samadi ya migomba, na baada ya uzao kadhaa wakapewa ndama wao. Ndiyo desturi ya kule. Lea alipomwuliza mumewe mali yake iko wapi hasa, alijibu kwamba iko kwa watu, akajigeuza ukutani na kulala fofofo.

Lea alibaki macho. Kila jioni alimwomba Mungu riziki kwa imani kamili, na kila jioni, akisha kusema amina, aliona ni vyema amsaidie Mungu kuwaza.

Mwaka wa hamsini na sita Asukile aliondoka mara ya tatu. Safari hii Lea aliogopa sana, kwa kuwa mwanamke mmoja wa bonde la pili alikuwa ameletewa sanduku la nguo za mumewe, mwenyewe amebaki huko huko chini ya ardhi. Akaapa moyoni kwamba hii itakuwa ya mwisho. Dukani mjini Mbeya aliona cherehani, na mwenye duka akakubali kumwekea hadi mwisho wa mwezi. Akiwa nayo angeshona magauni na kaptula za shule, na Asukile hangekuwa na sababu ya kuingia tena shimoni. Kilichopungua ni fedha, na fedha zenyewe zilikuwa zinakula majani katika mazizi ya wenzao.

Basi Jumapili, watu walipotoka kanisani, Lea aliwaendea wale watunzaji mmoja mmoja. Akawaambia ng'ombe wa Asukile warudi nyumbani wote, Jumatano. Sababu hakuitaja, aliona mwenye mali hana haja ya kujieleza. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maana kwao Iringa aliwahi kuona ndugu wakishikana mashati kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Hakuna aliyebisha. Filemoni alimtazama, akavua kofia, akasema watarudi. Ikupa, mke wa Anyitike, mwanamke mwenye maneno kuliko soko zima, alimshika bega na kunyamaza. Hilo ndilo lililomshangaza Lea kuliko yote. Alipanda mlima akijiuliza ni watu wa namna gani hawa, wanaoachia maziwa ya watoto wao kirahisi hivyo.

Jumatano asubuhi ng'ombe walitokeza kwenye ukungu, na nyuma yao watu, wengi kupita kiasi kinachohitajika kuswaga ng'ombe. Wanawake walikuwa wamejitwisha mikungu ya ndizi na vikapu vya mchele. Mwinjilisti Saulo alikuja na kitabu cha nyimbo kwapani. Lea alidhani labda ni adabu ya huku, mali kusindikizwa. Ndipo Ikupa alipofika penye migomba, akaweka kikapu chini, akaangua kilio, na wanawake wote wakampokea. Filemoni, mwanamume mwenye mvi zake, aliketi kwenye matope katikati ya ng'ombe, akalia kwa sauti.

Lea akaelewa kwamba wanamlilia Asukile. Kumbe habari zilikuwa zimefika, naye mwenyewe hakuambiwa.

"Amekufa lini?" aliuliza.

Filemoni akainua uso. "Si wewe ndiye ungetuambia, shemeji?"

Ikachukua muda mambo kunyooka. Kijijini pale, ng'ombe mmoja huweza kuitwa wakati wowote. Wote kuitwa siku moja ni jambo la msiba tu, ili mrithi awaone. Watu walidhani mgeni huyu wa Iringa amepata habari mbaya, na kinywa kimekataa kuitamka. Ndiyo maana hawakuuliza. Mjane hahojiwi.

Lea, uso ukimwaka kwa aibu, akaeleza habari ya cherehani. Ikupa akacheka huku machozi hayajamkauka, na kicheko kikaenea hadi kwa mwinjilisti, ambaye alikiri kwamba wimbo wa mazishi alikwisha kuuchagua. Akaomba sala ya shukrani badala yake. Chakula kilicholetwa hakirudishwi, kwa hiyo walipika, wakala kwa afya ya mtu aliyekuwa hai.

"Ungesema cherehani tu," Filemoni alimwambia akifuta matope. "Madume mawili ya Asukile yaliyokaa kwangu yanakula bure. Uza hayo, hawa wengine tuachie."

Lea alimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, vibaya lakini kwa moyo wote. Kwa ule muda mfupi alioamini kwamba ni mjane, alikuwa ameinua macho akaona ua umejaa watu na chakula. Kwa miaka yote aliyomwomba Mungu amwekee akiba, akiba yenyewe ilikuwa ikipita njiani na kumsalimia. Wiki iliyofuata cherehani ilipanda mlima kichwani mwa Ikupa.

Asukile aliporudi alisimuliwa yote, akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, kwa upole, nani alilia zaidi.

"Filemoni," Lea akasema.

"Na Anyitike?"

"Anyitike aliuliza kama na ndama aliyepewa anarudi."

Asukile akafikiri kidogo, akasema ng'ombe atakayemnunua kwa fedha za safari hii atakwenda kwa Filemoni. Lea akataka kujua kama basi wale walio kwa Anyitike waondolewe.

"Hapana, waache," alisema Asukile. "Ana watoto wadogo yule. Watakunywa nini?"