Kikohozi Changu Kwenye Uzio wa Mjomba Makame

Watu wa Baleni wakitaka kunicheka hawana haja ya kusema neno, wanakohoa tu. Nikipita mbele ya baraza mmoja atakohoa kidogo, wa pili atamjibu, kisha wote wataangua kicheko, nami nitainamisha kichwa na kuongeza mwendo kama mtu aliyeacha chungu motoni. Basi kwa kuwa kila mtu ana namna yake ya kulisimulia jambo hili (na wengine wamezidisha, eti nilikutwa uchi kabisa, si kweli, nilikuwa na shuka), nimeona niliandike mwenyewe, polepole, kama lilivyokuwa.

Nilimwoa Mwanaisha, binti wa Bwana Nasoro mwenye minazi. Bwana Nasoro hakunipenda sana, wala simlaumu. Mimi ni mtu wa haya, tangu utotoni nikienda kwa watu hodi hainitoki, husimama mlangoni mpaka mtu atoke kumwaga maji ndipo anikute. Siku ya posa alimwuliza baba yangu, nami nimekaa pale pale, "Huyu kijana wako ana ulimi?" Hata hivyo akakubali, kwa sharti kwamba fungate tuikae nyumbani kwake, siku saba ndani bila kutoka, kama ilivyo desturi, na Ijumaa baada ya sala iwe karamu, kisha anikabidhi mke nimpeleke kwenye nyumba niliyojenga kwa mikono yangu. "Ikiwa mpaka hapo hujanitia aibu," akasema.

Nikakaa ndani kwa adabu, na yote yangekwisha salama, lakini Alhamisi alfajiri Bwana Nasoro akaondoka kwenda Kirongwe kuwaangalia wakwezi wake, akasema atarudi kesho kwa sala. Mwanaisha alikuwa ameketi kitandani anachana nywele. Kwao binti akishavunja ungo haonekani tena nje, na yeye alifungiwa tangu hapo mpaka siku ya ndoa. Akasema, si kwa kuniomba, kama mtu anayesema na kitana chake, "Nilipokuwa mdogo mama alinipeleka Utende nikakanyaga maji ya pwani. Yalikuwa na joto. Sijui kama bado yana joto."

Nami, ambaye tangu arusi nilikuwa sijasema maneno ya kujaza kikombe, nikasikia mdomo wangu unasema, "Twende."

Somo yake, Bi Zuhura, aliyekuwa akitulinda, alipiga mikono. "Fungate itembee? Mmesikia wapi?" Lakini alimpenda Mwanaisha kama mwanawe, akamtazama uso, akalegea. "Haya, nendeni Utende kwa shangazi yako, mlale huko, kesho alfajiri mshike njia, babako asiwakose. Na wewe, bwana, maji ya huko unayajua?"

"Nimekaa Chole," nikajibu.

Ni kweli nilikaa Chole, nilisoma huko miaka miwili katika shule ya Wadachi, na Chole ni kisiwa, maji yako pande zote. Ila mimi niliyaona kwa dirisha la shule tu.

Tulifika Utende jua limekwisha panda. Shangazi akatupa uji na bumunda, akatuchekea, akatuacha. Nilipaswa kumwuliza maji yanageuka saa ngapi, lakini niliona haya, maana bwana arusi akimwuliza shangazi wa mkewe habari kama hizo ni kama kumwambia nataka kwenda kucheza na mke wangu mchangani (na ndivyo ilivyokuwa). Tena nilijionea mwenyewe, bahari ilikuwa imekwenda zake mbali, imeacha mchanga mtupu na vidimbwi. Ilikuwa bamvua, usiku wake mwezi ulikuwa mpevu, nami sikujua kwamba siku za bamvua maji yaliyokwenda mbali ndiyo yanayorudi kwa haraka. Kwetu shamba mtu akienda mbali hurudi amechoka, polepole, nikadhani na maji ni hivyo.

Tukatembea mpaka kwenye uzio wa Mjomba Makame. Huyu ni kaka wa mama yake Mwanaisha, na uzio wenyewe ni ua wa fito zilizofungwa kwa kamba na kusimamishwa mchangani, samaki huingia maji yakijaa, na yakitoka hubaki ndani. Asubuhi ile Mjomba alikuwa ametoa wadogo tu, wakubwa akawaacha hai katika kile chumba cha ndani chenye kina, kwa ajili ya karamu yetu ya kesho. Mwanaisha aliwachungulia akacheka. Akapandisha kanga mpaka magotini, akaingia kidimbwini, akasimama. Kisha akasema, "Bado yana joto." Sijapata kuona uso kama ule. Tukakaa upande wa kivuli cha fito, tukala bumunda, nikajiona sultani.

Tulipoinuka kurudi hapakuwa na njia. Maji yalikuwa yamepita nyuma yetu kwa mkondo, kati yetu na pwani kukawa bahari, na hakuna anayejua kuogelea kati yetu. Tukarudi kwenye uzio tukakanyaga fito za chini, tukashika za juu, maji yakaja magotini, yakaja mapajani.

Hapo ndipo mtumbwi ulipopita, karibu kabisa, mtu mmoja anapiga kafi kuelekea Chole, ametupa kisogo.

"Mwite!" Mwanaisha akaninong'oneza, maana bibi arusi hapazi sauti mbele ya wanaume wasiomhusu.

"Nimwite nani? Simjui jina."

"Mwite tu, bwana wee!"

Nikafungua mdomo. Nikakohoa.

Ndiyo. Nilikohoa, "khm," kama mtu aliyechelewa msikitini anayetaka wasogee. Mtumbwi ukaenda zake. Mwanaisha akanitazama, na mtazamo ule ninao mpaka leo.

Maji yalipomfika kiunoni alitupa ukaya wake wa kichwani, akashika fito kwa mikono miwili, akapiga ukelele ambao sikujua umo katika kifua kile: "Jamani tunakufa! Tuokoeni!" Tena na tena, mpaka watu wakatoka Utende wakajaa pwani, na mtumbwi ule ukageuka. Nami kwa kutaka angalau kumnyanyua mke wangu nikapanda fito ya juu nimvute, uzio ukalia kaa! ukalala, na samaki wa karamu wakatoka mbio, kolekole mmoja akanipita kati ya miguu kama ananiaga.

Mwenye mtumbwi alikuwa Mjomba Makame mwenyewe.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema, maji kifuani.

"Marahaba. Shikamoo hiyo ungeitoa nilipopita, ningekukuta maji yako mapajani. Nilisikia kitu kinakohoa, nikasema ni kasa anapumua." Akamvuta mpwa wake ndani, akautazama uzio wake ulivyolala. "Samaki wameondoka, nimevua bwana arusi. Kesho tutakupika?"

Mwanaisha alikuwa kichwa wazi, na pwani imejaa watu. Nikavua kanzu yangu nikamfunika gubigubi, ndiyo sababu nilishuka na shuka peke yake, na wanawake waliotoka kuokota pweza wakanipokea: "Bwana arusi, leo umevua nini?"

Habari ilifika Baleni kabla yetu. Ijumaa wageni walikula wali kwa mchuzi wa kunde, na kila aliyepakuliwa alikohoa kwanza. Bwana Nasoro hakunigombeza. Alingoja wageni waondoke, akaniita, Mwanaisha yuko nyuma ya pazia, akasema, "Nilitaka kukukabidhi leo. Lakini nasikia aliyeita ni binti yangu. Basi atakaa mahali ambapo akiita nitamsikia."

Ndiyo maana tunakaa hapa uani kwake, na nyumba yangu imeota majani mlangoni. Mjomba nilimsaidia kufunga uzio upya, fito kwa fito, na yeye akanifundisha kuhesabu maji kwa mwezi. Sauti nayo nimeifanyia kazi, nikienda shamba peke yangu naita minazi, na siku hizi hodi yangu inarusha kuku. Nimeapa sitajibu tena kwamba najua nisichokijua, na sitakohoa penye kuita.

Ila Mwanaisha hajasema tena neno la bahari. Bamvua ikifika huchana nywele kimya, mimi najua maji ya Utende yako mbali sasa, na saa ya kurudi naijua. Neno lenyewe ni moja tu, nililisema siku ile bila kufikiri. Kila mwezi ukiwa mpevu nafungua mdomo nimwambie twende, naye hugeuka kunisikiliza, nami nakohoa.