Wakia za Verla Hadlock

Tangu matokeo ya kura ya vibali vya uwindaji yalipofika mwezi wa sita, Verla Hadlock hakutulia tena. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameomba kibali cha kuwinda kondoo wa mlimani, na kwa miaka ishirini na mitano kura ilimpita ikaenda kwa wengine. Sasa ilikuwa yake. Mwenyewe alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na kwa hesabu yake, kura ikimkawiza vile tena, kibali cha pili kingemkuta na miaka themanini na minane. Dume alipaswa kulipata mwaka huu.

Kikwazo kilikuwa mwili. Miaka ishirini na tisa aliendesha greda la kaunti, akiondoa theluji kwenye barabara za juu ya mji wa Challis, na kazi hiyo ilimwachia mgongo mbovu na goti la kushoto linalolia kama bawaba kavu. Bunduki aliyorithi kwa baba yake ilikuwa na uzito wa ratili tisa na nusu. Goti lile lisingekubali kuipandisha kwenye mawe ya Idaho. Basi Verla akaamua kujiundia nyepesi, kwa vipuri vya kuagiza kimoja kimoja, na meza ya jikoni ikawa karakana.

Jirani yake Dee Packer, fundi wa matrekta aliyestaafu, ndiye aliyemwongoza. Dee alimshauri aiweke rahisi: mtambo mmoja mzuri wa chuma wa kufyatulia, mtutu mwembamba, kitako cha nyuzi za kaboni na darubini ndogo. Ikishalenga vizuri, alisema, iache kama ilivyo, usiichokonoe.

Verla aliichokonoa kila siku. Kila kipuri kilipita kwanza kwenye mizani ya unga. Alibadilisha mkanda, akabadilisha vishikio vya darubini, akakata hata mpini wa kijiko cha safari ili apunguze uzito wa begi. Kila alipogusa skrubu, yeye na Dee walikwenda kwenye shimo la kokoto nje ya mji kufyatulia karatasi na kurekebisha darubini upya, kwa kuwa bunduki iliyofunguliwa jana huenda leo isipige palepale. Hilo watu wa huko hufundishwa wangali wadogo.

Kufikia mwisho wa mwezi wa nane, bunduki ilikuwa ratili sita na wakia moja. Verla alitaka sita kamili. Wakia hiyo moja ilimnyima raha kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

"Bibi wee," Garth, mumewe, alimwambia, "ruka chakula cha jioni mara moja tu, utapunguza zaidi ya hiyo wakia."

"Ruka wewe, halafu unibebee na hema."

Alasiri ya kuamkia safari, posta ilileta kifurushi cha mwisho: skrubu mbili za titani, metali nyepesi, za kushikilia kitako kwenye mtambo. Garth alikuwa zizini akipakia majani ya farasi. Verla akafungua zile za chuma, akakaza mpya, akaweka bunduki kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye sita. Furaha ilimjaa hata akaifunga kwenye mfuko wake papo hapo, akaenda kumsaidia Garth na farasi.

Siku ya nne mlimani waliliona dume. Lilikuwa limesimama kwenye ukingo wa bonde la mawe pamoja na majike watano, pembe zake zimejiviringa mpaka chini ya taya. Waliwatambalia kwa saa tatu, Verla akiuma meno kwa sababu ya goti. Walipofika yadi mia mbili na sabini, akalaza bunduki juu ya begi na kuinamisha kichwa. Hapo jua likamulika kichwa cha skrubu chini ya mtambo, kipya, hakina hata mkwaruzo.

Akainua kidole kutoka kwenye kifyatulio.

"Unangoja nini?" Garth akanong'ona.

"Nilibadilisha skrubu."

"Lini?"

"Siku tuliyopakia. Sijaipiga tangu siku hiyo."

Garth alishusha darubini yake ya macho mawili, akamtazama mkewe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akifyatua kwa kubahatisha, huenda akalivunja dume mguu au kulipasua tumbo, likafie mahali wasipoweza kufika. Akijaribu kwanza kwenye jiwe, mlio ungewafukuza kondoo wote wa bonde, na huenda asilione dume jingine msimu mzima.

"Labda haijahama," Garth akasema.

"Labda."

Dume liligeuka, likawaonyesha ubavu mzima, kichwa kikielekea kulia, kana kwamba linawasaidia. Verla alivuta pumzi mara mbili. Kisha akahamisha mtutu kuelekea jiwe lenye doa jeupe la kuvu, mbali na kundi lakini umbali uleule, akafyatua.

Kondoo walipotea kama maji kwenye mchanga. Garth hakuwafuata kwa macho, alikuwa akitazama jiwe.

"Kushoto," akasema. "Shubiri moja na nusu."

Verla akalilenga dume lile akilini, begani, akahesabu shubiri moja na nusu kwenda kushoto. Ilikuwa tumbo. Kisha akarekebisha darubini na kupiga jiwe mara mbili zaidi, mpaka risasi ikaingia kwenye doa. Garth alipendekeza wapumzike, naye akajibu kwamba kondoo hawapumziki, akasimama kwa kushika jabali.

Walizunguka siku sita zaidi, bonde kwa bonde. Siku iliyofuata, kwenye mteremko wa nyasi fupi, walimkuta dume mzee peke yake, pembe moja imevunjika katikati. Verla alimpiga risasi moja. Alianguka palepale.

Garth alimtazama mkewe akitoa kisu, akasita, kisha akauliza kama hamkumbuki yule mkubwa.

"Namkumbuka," Verla akasema. "Lakini siku ile sikuwa na bunduki, Garth. Nilikuwa na mizani. Haya, shika mguu huo, tumgeuze kabla nyama haijaharibika."